Waya Una Mwisho Wake

Kwa miaka mingi, na kwa fedha nyingi, taifa letu limekuwa likijenga njia za mawasiliano ya kompyuta ili zifike katika wilaya zote. Kazi hiyo ni kubwa, na mwenye kuibeza hatendi haki. Lakini leo tunapenda kuzungumzia kipande kidogo sana cha kazi hiyo, kipande ambacho hakiwekewi jiwe la msingi wala hakikatiwi utepe. Ni ile nafasi iliyopo kati ya jengo moja na jengo jingine ndani ya uwanja mmoja wa hospitali, shule au ofisi. Nafasi yenyewe ni mita 120, au 200, au 300. Hapo ndipo fedha ya umma inapoweza kupotea kimya kimya, na hapo ndipo safari ya maelfu ya kilomita inapoweza kukwama mbele ya mlango wa mtu anayeingoja.

Wenyeji wa Muheza hawahitaji kufundishwa maana ya njia ndefu inayokwama. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, baada ya kilomita 40 hivi, ikasimama. Kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikiijenga iliishiwa na nguvu, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, na Moshi ikangoja hadi mwaka 1911. Hatuikumbushi historia hiyo kwa kuusifu ukoloni, ambao ulijenga reli kwa faida ya mashamba yake na kwa jasho la watu wetu. Tunaikumbusha kwa sababu ina somo: thamani ya njia haipimwi kwa urefu wa kipande kilichokwisha kujengwa, bali kwa kumfikia au kutomfikia yule anayeihitaji.

Njia ya mawasiliano nayo imekuja kutoka mbali. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulishushwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar. Mwaka 1890 waya mwingine ukavuka kutoka Zanzibar kwenda Bagamoyo na Dar es Salaam. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 2009, mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuatiwa na mkongo wa EASSy. Nchi kavu, Serikali ilianza mwaka 2009 kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao sasa una maelfu ya kilomita za nyuzi za kioo na unasimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL. Tanga imo katika njia hiyo. Kwa hiyo habari inayotoka Mumbai au London hupita chini ya bahari, ikapanda pwani, ikafuata mitaro na nguzo hadi huku kwetu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Baada ya safari yote hiyo, habari inaingia katika jengo la utawala la taasisi yenyewe. Kutoka hapo hadi wodini, au hadi maabara, au hadi darasa la kompyuta lililo upande wa pili wa uwanja wa mpira, imebaki hatua ya mtu kutembea kwa dakika 3. Na hapo ndipo inapofia. Ni kama mgeni aliyesafiri kutoka Kigoma salama salimini, akaja kuvunjika mguu kizingitini mwa mwenyeji wake.

Sababu ya jambo hili si ngumu kueleweka, na tunaona ni vema kila kiongozi anayetia sahihi hati za malipo aielewe. Nyaya za kawaida za mtandao wa kompyuta, zile za buluu au kijivu zinazoonekana ofisini, ni nyaya za shaba 8 zilizosokotwa jozi jozi, jozi 4. Kanuni zinazofuatwa duniani kote, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1991, zinasema kwamba njia moja ya waya huo, kutoka mtambo hadi kompyuta, isizidi mita 100. Katika hizo, mita 90 ni za waya uliofungwa ukutani au darini, na mita 10 zinazobaki ni za vipande vifupi vya kuunganishia mwanzoni na mwishoni. Basi. Waya wa bei ya juu una mpaka huo, na waya wa bei ya chini una mpaka huohuo.

Mpaka huo haukuwekwa na wachuuzi ili wauze vifaa zaidi. Umewekwa na maumbile. Umeme unaobeba habari ndani ya shaba hupungua nguvu kadiri unavyosafiri, na kadiri habari inavyopelekwa kwa kasi ndivyo unavyopungua upesi zaidi. Zaidi ya hayo, jozi moja huisikia jozi ya jirani, kama watu wawili wanaozungumza na simu katika chumba kimoja. Mwanzoni mwa waya sauti ni kubwa na manong'ono ya jirani hayadhuru. Mwishoni mwa waya mrefu sauti imekuwa ndogo, manong'ono hayajapungua, na kompyuta inayopokea haiwezi tena kutofautisha neno na kelele. Hapo huomba irudiwe, na irudiwe, na irudiwe tena. Mtumishi aliyeketi mbele ya kioo huona tu kwamba mtandao ni mzito.

Sasa tutazame viwanja vyetu vilivyo. Hospitali, shule na vituo vya utafiti vya ukanda huu havikujengwa kwa ghorofa. Vilijengwa kwa majengo mapana yaliyotawanyika, yenye baraza na miti katikati, ili hewa ipite na maradhi yasiambukizane. Yeyote anayeifahamu Hospitali Teule ya Muheza, au nyumba za watafiti kule Amani ambako Wajerumani walianzisha kituo chao mwaka 1902, au shule zetu za sekondari zenye mabweni yaliyo mbali na madarasa, anajua tunachosema. Ujenzi huo ulikuwa wa busara kwa hali ya hewa yetu. Lakini hakuna aliyewaza kwamba siku moja majengo hayo yatahitaji kufungwa pamoja kwa waya mmoja.

Fundi anapofika, huja na boksi la waya. Boksi la kawaida lina mita 305 za waya ndani yake. Kiongozi asiyejua hutazama boksi, hutazama uwanja, husema waya unatosha, na kwa hesabu ya urefu hakosei. Waya unatosha kweli. Hutolewa dirishani, hutundikwa juu ya mwembe, hupitishwa ukingoni mwa paa, huingizwa katika jengo la pili mita 180 kutoka ulikoanzia. Taa ya kijani huwaka. Kila mtu hupiga makofi. Hati ya malipo hutiwa sahihi siku hiyohiyo.

Wiki chache baadaye malalamiko huanza. Asubuhi mtandao upo, mchana umetoweka. Mvua ikinyesha, hakuna kitu. Mtambo hushusha mwendo wake wenyewe kutoka megabiti 1,000 kwa sekunde hadi 100, kisha hadi 10, kama mzee anayepanda mlima na kupumzika kila hatua. Huletwa fundi mwingine, naye hulaumu kompyuta. Hununuliwa kompyuta mpya. Huletwa wa tatu, naye hulaumu kampuni inayouza mtandao. Hununuliwa mtandao wa kasi zaidi, na bili ya mwezi hupanda. Waya wa mita 180 uko palepale juu ya mwembe, na hakuna aliyeuliza urefu wake.

Wapo watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo, kwa kuwa wameona kwa macho yao waya wa mita 120 au 130 ukifanya kazi bila tatizo. Hatuwabishii. Waya mzuri, mahali pasipo na joto kali, kwa kazi nyepesi, unaweza kuvuka mpaka na ukavumiliwa. Lakini kanuni ya mita 100 haisemi kwamba waya utakufa katika mita ya 101. Inasema kwamba hadi mita 100 una haki ya kudai kazi iliyo sawa kila siku, mvua na jua, leo na miaka 10 ijayo. Baada ya hapo unacheza bahati nasibu. Mwananchi anayo haki ya kucheza bahati nasibu kwa fedha yake mwenyewe. Hana haki hiyo mkuu wa idara kwa fedha ya hospitali.

Na jambo lenyewe si dogo tena. Zamani kompyuta ya ofisi ilikuwa mashine ya kuchapia barua, na ikiharibika barua iliandikwa kwa mkono. Leo vituo vya tiba vya umma vinatumia mfumo wa GoTHOMIS kumwandikisha mgonjwa, kumpeleka kwa daktari, kupeleka vipimo maabara na kutoa dawa. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba inayotolewa na mfumo wa malipo ya kielektroniki. Zabuni za umma tangu mwaka 2023 zinapita katika mfumo wa NeST. Waya wa kutoka mapokezi hadi maabara ukiyumba, mama aliyetoka kijijini alfajiri akiwa na mtoto mwenye homa huketi kwenye benchi, majibu ya damu yakiwa tayari katika jengo jingine lakini hayaonekani kwa daktari. Hapo urefu wa waya si habari ya mafundi peke yao. Ni habari ya mtoto huyo.

Lipo pia suala la radi. Ukanda wa chini ya Usambara hupata mvua za ngurumo, na kila mwananchi anajua hasara yake. Waya wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jengo jingine ni njia ya umeme, iwe tumeikusudia au hatukuikusudia. Radi ikipiga karibu, nguvu ya ardhini chini ya jengo hili hutofautiana na ile ya jengo lile, na umeme hutafuta kusawazisha tofauti hiyo kwa kupita katika waya wowote utakaoukuta. Huingia katika swichi, hutoka katika swichi, na kompyuta za pande zote mbili huungua kwa pamoja. Waya wa juu ya mwembe, basi, una hatari mbili: kwanza ni mrefu mno, pili unavuka nje. Hata ungekuwa wa mita 60 tu, hatari ya pili ingebaki.

Dawa ipo, wala si ya ajabu. Ni ileile iliyotumika kuvuka bahari: faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba mwanga badala ya umeme. Mwaka 1966, Charles Kao na mwenzake George Hockham, wakiwa Uingereza, walionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kupeleka mwanga mbali bila kuupoteza. Mwaka 1970 wataalamu wa kampuni ya Corning ya Marekani wakatengeneza uzi wa kwanza uliothibitisha hesabu hiyo. Leo uzi ulio bora hupoteza chini ya asilimia 5 ya mwanga katika kilomita 1. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambao mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu.

Kwa uwanja wa hospitali au shule, maana yake ni hii. Faiba ambayo mafundi huiita malti modi, kwa vifaa vya kawaida, hupeleka gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 550. Ile ya singo modi, yenye kiini chembamba cha mikroni 9 hivi, huenda kilomita 10 kwa vifaa vinavyopatikana madukani. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi haina njia ya kuhama kupitia uzi huo kutoka jengo hadi jengo, mradi kebo iliyochaguliwa haina chuma ndani yake. Tena njia ikishalazwa, mwendo unaweza kuongezwa baadaye kwa kubadilisha vifaa vya mwanzoni na mwishoni tu, bila kufukua mtaro upya. Waya wa shaba na uhudumie chumba na jengo, ambamo ni hodari na wa bei nafuu. Kutoka jengo hadi jengo, kazi hiyo tuipe faiba.

Kuna wanaoogopa faiba kwa kudhani kwamba ni ya wakubwa. Hofu hiyo imepitwa na wakati. Kebo yenyewe haina tena bei ya kutisha, na uzi wa kioo haumvutii mwizi wa shaba, ambaye aliwahi kuzihangaisha sana nyaya za simu za nchi hizi. Gharama yake hasa iko katika mtaro, bomba la plastiki, vifaa vya kugeuza mwanga kuwa umeme, na fundi mwenye mashine ya kuyeyusha na kuunganisha ncha za kioo. Fundi huyo huitwa siku moja akamaliza uwanja mzima. Tukijumlisha kompyuta zilizoungua, mafundi watatu walioitwa bure na bili ya mtandao iliyopandishwa bila sababu, tutaona kwamba walionunua cha rahisi wamelipa mara mbili. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba rahisi huwa ghali.

Hatusemi kwamba faiba ni jibu la kila mahali. Ikiwa majengo mawili yapo umbali wa mita 150 na katikati yake pana chumba chenye umeme, inaruhusiwa kabisa kuweka swichi katika chumba hicho, ambayo hupokea habari na kuituma upya, na mita 100 zikaanza kuhesabiwa tena. Hata simu za maandishi za karne ya 19 zilitumia vituo vya kupokea na kutuma upya kwa sababu hiyohiyo. Lakini swichi hiyo inahitaji umeme usiokatika, sanduku la kuzuia vumbi na mjusi, na mtu anayejua kwamba ipo. Swichi iliyosahauliwa juu ya dari ya stoo ni tatizo lililowekwa akiba.

Vivyo hivyo, penye bonde au msitu katikati, mawimbi ya redio yanaweza kufaa kuliko mtaro. Anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani kwa zile kona zake anaelewa kwa nini si kila mahali panapochimbika, na katika hifadhi ya msitu si halali kuchimba utakavyo. Antena mbili zinazoonana uso kwa uso huweza kuvusha habari kilomita nyingi. Sharti lake ni kwamba zionane kweli kweli, bila jani kati yake. Mti uliokuwa mfupi mwaka wa kufunga antena hautabaki mfupi. Kila njia ina masharti yake, na kiongozi hodari ni yule anayeuliza masharti kabla ya kuuliza bei.

Tungependa pia kuwatahadharisha wanunuzi kuhusu waya wa udanganyifu. Madukani umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba juu, unaouzwa kwa jina na rangi ya waya wa shaba. Ukikwaruzwa kwa kisu, ndani huonekana mweupe. Waya huo haukidhi kanuni tulizozitaja. Huchoka mapema, hukatika ukipindwa, na huweza kupata joto la hatari unapotumika kupeleka umeme kwenye kamera au simu za mezani. Kwa waya wa namna hiyo hata hizo mita 100 ni ndoto. Mpokeaji wa bidhaa katika stoo ya Halmashauri hahitaji shahada ili kukwaruza ncha ya waya. Anahitaji kuambiwa kwamba ni wajibu wake.

Basi tufanye nini? Kwanza, kipimo kitangulie manunuzi. Kabla ya zabuni yoyote ya mtandao wa ndani, mtu atembee uwanjani na futi ya kupimia, apime njia ambayo waya utapita kweli, pamoja na kupanda ukutani na kushuka darini, si mstari ulionyooka wa angani. Mita 80 za angani huwa kwa urahisi mita 115 za waya. Mchoro wa njia hiyo uambatanishwe na zabuni, ili kila mwombaji ashindanie kazi ileile, asije mmoja akashinda kwa kuahidi shaba pale panapotakiwa kioo.

Pili, malipo yafuate upimaji. Taa ya kijani si ushahidi. Vipo vipimio vinavyoonyesha urefu wa waya, upungufu wa nguvu yake na manong'ono kati ya jozi, na kwa faiba vipo vinavyoonyesha mwanga uliopotea. Mkandarasi akabidhi karatasi ya matokeo ya kila waya, na karatasi hiyo ikae katika jalada pamoja na mchoro. Asiyekuwa na kipimio asipewe kazi ya umma. Hatuwezi kumlipa mpima ardhi asiye na kamba. Kwa nini tumlipe mfunga mtandao asiye na kipimio?

Tatu, anayechimba mtaro achimbe kwa ajili ya kesho. Kebo ya faiba yenye nyuzi 12 haizidi sana kwa bei ile yenye nyuzi 4, lakini kuchimba mara ya pili huzidi sana. Bomba la pili tupu lilazwe pembeni, na utepe wa tahadhari uzikwe juu yake. Mara nyingi adui wa kebo katika nchi hii si radi, ni sururu ya jirani anayelaza bomba la maji au mtambo wa mkandarasi wa barabara. Kwa hiyo michoro ya kebo zote ipatikane kwa mhandisi wa wilaya, kwa mamlaka ya maji na kwa wa barabara, na wao wawe na desturi ya kuuliza kabla ya kuchimba.

Nne, vijana wetu wafundishwe. Vyuo vya ufundi, vikiwemo vya VETA, vinafundisha umeme wa majumbani, na kazi hiyo inaheshimika. Kuunganisha faiba ni kazi ya mikono safi, macho makini na uvumilivu, ambayo kijana wa Muheza anaiweza bila shaka yoyote. Afundishwe na usalama wake: asichungulie ncha ya faiba iliyo kazini, kwa kuwa mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho, na vipande vya kioo vilivyokatwa avikusanye, asiviache sakafuni. Si fahari kwa mkoa wenye bandari, reli na viwanda kumwagiza fundi kutoka Dar es Salaam kila uzi unapokatika.

Wapo watakaouliza kama kuna faida ya kuimarisha nyaya za ndani ilhali mtandao wa nje wenyewe hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Sisi tunaona tukio hilo linatia nguvu hoja yetu. Hakuna halmashauri inayoweza kuzuia kebo kukatika baharini. Lakini taasisi iliyoweka kumbukumbu zake katika seva iliyomo uwanjani mwake, na yenye nyaya imara kati ya majengo yake, huweza kuendelea kumwandikisha mgonjwa na kusoma majibu ya maabara hata dunia nzima ikiwa haipatikani. Mita hizo 200 ndizo sehemu pekee ya njia yote ambayo imo mikononi mwetu wenyewe. Tukiiacha iwe sehemu dhaifu kuliko zote, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Tunawaomba waheshimiwa madiwani, watakapoketi kupitia makadirio ya fedha, wasiridhike na mstari unaosomeka "ununuzi wa vifaa vya mtandao". Waulize maswali matatu yasiyohitaji utaalamu: kutoka wapi hadi wapi, ni mita ngapi, na karatasi ya upimaji iko wapi. Wakuu wa shule na waganga wafawidhi waulize hivyo hivyo. Mafundi wetu nao wawe na ujasiri wa kumwambia bosi ukweli pale anapoagiza waya uvushwe uwanja kwa haraka ili mgeni rasmi akute taa zinawaka. Fundi anayesema "haitafaa" kabla ya kazi ni mtumishi bora kuliko anayesema "nilijua" baada ya hasara.

Reli iliyokwama Muheza mwaka 1896 iliendelea hatimaye, kwa sababu waliohusika walikubali kwamba kipande kilichobaki kina gharama yake na lazima kilipiwe. Kipande kilichobaki safari hii ni kifupi mno, hakihitaji mataruma wala madaraja. Kinahitaji futi ya kupimia, mtaro wa kina cha kutosha, uzi wa kioo, na kiongozi asiyetia sahihi mpaka aone kipimo. Waya una mwisho wake, na mwenye kuupuuza mwisho huo huwaachia wengine waulipie: mgonjwa kwenye benchi, mwanafunzi mbele ya kioo cheusi, na mlipa kodi asiyejua fedha yake imetundikwa juu ya mwembe.